Siyo kila anayeteleza ana njumu mbovu

DAUDI, Mbulu. MVUA ikinyesha usiku kucha, mechi ya kesho yake katika viwanja vya kijijini haichezwi na watu 22 peke yao. Utelezi nao unaingia dimbani. Beki anageuka kumfuata winga, mguu unakwenda kwake, kiwiliwili kinakwenda kwake, na gozi liko wavuni. Mashabiki nje wanatoa hukumu palepale kwamba jamaa ana njumu mbovu.

Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, kiatu ni kizima ila kimepelekwa uwanja usio wake.

Watu wa magari ya mbio wanaujua vizuri ugonjwa huu. Wana tairi lenye mikato michache ambalo likishapata joto linashika lami kavu kama gundi. Lipeleke kwenye tope, mikato inajaa na tairi linakuwa kipara. Ndiyo maana Safari Rally kule Naivasha, Kenya, magari hufungwa matairi ya meno, ya njia za vumbi na changarawe.

Njumu nazo ni hivyohivyo. Zile za meno mengi mafupi ya raba, ambazo vijana wanazipenda kwa sababu hazichomi nyayo, ni za ardhi ngumu na nyasi bandia kama za Kaitaba, Bukoba, au Nyamagana, Mwanza. Kwenye mfinyanzi uliolowa, nafasi kati ya meno zinaziba ndani ya dakika chache. Kuanzia hapo mchezaji anakimbia juu ya tope alilolibeba mwenyewe.

Tope linataka meno machache, marefu, yaliyoachana, kwa kawaida sita. Lakini jua likiukausha uwanja, meno hayo hayazami. Mchezaji anabaki juu ya ncha kama aliyevaa visigino, na kifundo cha mguu kiko hatarini.

Hivyo anayeteleza ageuze soli kwanza. Imejaa tope? Kijiti kinatosha, hakuna haja ya kuuza kuku anunue njumu mpya. Kama ni safi, aangalie meno ya mbele chini ya dole gumba, maana hapo ndipo mguu unaposukumia na ndipo panapolika mapema.

Meno yako sawa na bado anateleza? Avue kiatu. Hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Njumu ya mtumba namba 43 kwenye mguu wa 41, gazeti limesokomezwa mbele, soksi imelowa chapachapa. Meno yameshika ardhi vizuri kabisa, kinachohama ni mguu ndani ya kiatu. Njumu mpya ya namba ileile haitasaidia kitu.

Kuna na kosa la jikoni. Kwa baridi ya Mbulu, njumu iliyolowa huwekwa karibu na moto ikauke haraka. Moto unakakamaza soli na kuachanisha gundi. Kivulini penye upepo inachelewa, lakini inapona.

Nani anasema haya ni mambo madogo? Fainali ya Kombe la Dunia 1954, Bern, Uswisi, ilichezwa kwenye mvua. Hungary, iliyokuwa imeipiga Ujerumani Magharibi 8-3 kwenye makundi, ilitangulia 2-0 ndani ya dakika nane, ikalala 3-2. Wajerumani walikuwa na njumu za Adi Dassler, zenye meno ya kufungua na kubadilisha, wakafunga marefu. Hayakufunga mabao, ila yaliwaacha wafungaji wasimame.

Kushika kupita kiasi nako kuna bei yake. Jino refu likinasa wakati mchezaji anageuka, mguu unabaki, goti linazunguka, na kano ya goti ikikatika msimu umekwisha. Kwa kijana wa ndondo asiye na daktari wa timu, huenda na soka limekwisha.

Kwa hiyo kupasha misuli kufanyike kwenye uwanja wenyewe, siyo pembeni kwenye majani, na kila mtu apige kona kali mbili tatu mahali atakapocheza. Golini ndipo panapokanyagwa zaidi na tope huwa zito, wakati pembeni bado kuna nyasi. Kipa na winga wa timu moja wanaweza kuhitaji njumu tofauti siku hiyohiyo.