Kulinda Miti ya Asili kwa Kushirikiana

(Somo hili lilisomwa redioni kwa ajili ya vikundi vya elimu ya watu wazima. Kiongozi wa kikundi alisome tena polepole, kisha aongoze mazungumzo kwa maswali yaliyo mwisho.)

 

Leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipopata kiwanja huko Kibamba, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kukifyeka chote mpaka udongo ukaonekana. Mzee mmoja jirani akapita, akasimama, akaniuliza, "Mwanangu, ule mti mdogo wa pembeni ulikuwa mti gani?" Sikuweza kumjibu. Nimesoma Chuo Kikuu, nafundisha watu wazima, lakini niliung'oa mti nisioujua hata jina. Baadaye nikapanda mwarobaini mmoja na mjohoro mmoja, nikaona nimelipa deni. Kumbe sikulipa.

Kwa nini sikulipa? Mwarobaini na mjohoro ni miti yenye faida, lakini asili yake ni Asia. Hata mwembe tunaoupenda sana uliletwa kutoka huko. Miti hiyo imeenea katika nchi nyingi; ukikatwa mmoja hapa, iko mingine elfu kwingine. Mti wa asili ni ule uliozaliwa na nchi yenyewe, kabla mtu hajauleta. Na miongoni mwa miti ya asili iko ile isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Ukiisha kwetu, umekwisha kabisa.

Pwani yetu ina mimea mingi ya namna hiyo. Misitu ya pwani si msitu mmoja mkubwa, bali ni vipande vidogo vilivyotengana, mfano wa visiwa baharini. Mti fulani huota katika kipande kimoja au viwili tu. Tazameni Pugu, ambako si mbali nasi. Katika vitabu vya elimu ya mimea imo mimea iliyopewa jina la Pugu, kama vile Baphia puguensis na Millettia puguensis. Msitu huo na jirani yake Kazimzumbwi umekatwa sana kwa ajili ya mkaa, na mkaa wenyewe ndio huo tunaopikia mjini.

Sasa nitawaeleza habari ya mti mmoja. Wataalamu huuita Karomia gigas. Neno gigas maana yake ni jitu, kwa maana ni mti mkubwa. Lakini ni wa ukoo mmoja na mrehani wetu wa uani. Wataalamu waliuona kwanza pwani ya Kenya mwaka 1977. Miti ile michache iliyoonekana huko ikakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana tena, safari hii Tanzania, katika kipande cha msitu upande wa Kilwa. Kisha miaka mingi ikapita bila habari zake, na wengi wakadhani umekwisha.

Mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapa hapa Mlimani, walikwenda kuutafuta katika misitu ya mkoa wa Lindi. Wakaukuta. Katika safari hiyo wakaukuta na mti mwingine, Erythrina schliebenii, ambao mwaka 1998 ulikuwa umeandikwa katika orodha ya mimea iliyokwisha duniani. Lakini Karomia iliyokomaa ilihesabika kwa vidole.

Hapo ndugu mmoja atasema, "Basi kazi imekwisha, mti umepatikana." La, hapo ndipo kazi ilipoanza. Mti ukiwa umebaki michache, moto mmoja wa kiangazi au shoka la mtu mmoja laweza kuumaliza kwa siku moja. Ndiyo sababu mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu na wenzao wa Bustani ya Mimea ya Missouri, iliyoko mji wa St. Louis, Marekani, walikusanya matunda yake kwa maelfu. Walipoyachunguza waliona kwamba mbegu nyingi hazina uzima. Zilizoota zilikuwa chache sana. Miche hiyo ikatunzwa katika nyumba ya vioo kule St. Louis, na baada ya miaka michache ikaanza kutoa maua.

Huenda mtu akauliza kwa nini mbegu za mti wetu zipelekwe mbali namna hiyo. Jibu ni sawa na la mkulima mwenye busara. Hatii mbegu zake zote ghala moja, kwa kuwa panya wakiingia atakosa zote. Lakini mti ulio katika nyumba ya vioo ni akiba tu. Maisha yake ya kweli ni msituni, pamoja na wadudu, ndege na udongo wake. Msitu wa Lindi ukifyekwa, mche wa Marekani hautakuwa na nyumbani pa kurudi.

Sasa hesabuni mikono iliyohitajiwa. Alihitajiwa mtaalamu wa kuutambua mti. Akahitajiwa mtu wa karibu na msitu, anayezijua njia zake. Wakahitajiwa mabwana misitu wa kulinda. Akahitajiwa na mtunza bustani mwenye subira ya kuotesha mbegu ngumu. Angekosekana mmoja, kazi ya wengine ingepotea. Umoja wa namna hii si maneno ya sherehe. Ni mgawanyo wa kazi.

Lakini mlinzi aliye karibu zaidi ni mwanakijiji, naye hawezi kulinda msitu kwa tumbo tupu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji ruhusa ya kutenga msitu katika ardhi yake na kuusimamia. Huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilifanya hivyo, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu. Mpingo huvunwa kwa mpango: miti huhesabiwa kwanza, michache hukatwa, mingine huachwa ikue. Fedha huingia kijijini. Mtu akiona msitu unamletea faida, humkemea mwizi wa magogo bila kungoja askari.

Je, sisi wa Ubungo tusio na msitu tufanye nini? Nawapa mambo matatu.

Kwanza, tujue majina. Kikundi kimwombe mzee anayejua miti awatembeze mtaani, na kila mtu aandike jina, umbo la jani na matumizi. Hatuwezi kukilinda kitu tusichokijua.

Pili, kabla ya kufyeka kiwanja, tuulize. Mti wa asili ulio mpakani unaweza kubaki, nao utatoa kivuli kama mwingine. Mkitaka kuotesha, chukueni mbegu chache kutoka kwa kila mti mama, na mama wawe wengi, kwa maana miche ya mama mmoja huwa dhaifu ugonjwa ukija. Msichukue mbegu katika hifadhi bila ruhusa.

Tatu, tupunguze mkaa. Kila gunia liingialo kwa Barabara ya Morogoro lilikuwa mti. Loweka maharage usiku, funika sufuria, na mwenye uwezo atumie gesi.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya redio ya Misitu ni Mali, ya mwaka 1980. Maneno yale ni ya kweli hata leo. Lakini mali isiyo na jina, wala mlinzi, huibwa mchana.

Mimi nimekwenda tena kwa yule mzee wa Kibamba. Ananifundisha majina, na daftari langu sasa lina miti kumi na minne. Ule nilioung'oa haumo.

Maswali ya mazungumzo:

1. Kila mmoja ataje miti mitatu ya mtaani kwake. Ipi ni ya asili, na ipi ililetwa?

2. Ni mti gani mliouona utotoni ambao hamwuoni tena? Uliondokaje?

3. Katika kikundi chenu, nani ajuaye majina, nani mwenye nafasi ya kitalu, na nani awezaye kuzungumza na serikali ya mtaa? Gawaneni kazi kabla ya somo lijalo.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka juma lijalo.