Antene ya radio juu ya gari: masi ikikosekana, sauti haifiki

Kuna vipande virefu vya barabara katika mashariki ya Kongo ambapo simu haishiki rezo hata kidogo. Pale njo radio ya gari inakuwa ya lazima: ambulansi ya zone ya afya iliyobeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, lori lililokwama katika matope, gari la shirika linalotaka kujua kama barabara ya mbele iko salama. Wote wanategemea fimbo moja ya chuma juu ya gari.

Lakini mara mingi radio iko mupya, batri iko nzuri, na hospitali haisikii kitu. Shofere anaita, anarudilia, anasikia makelele tu. Watu wanashitaki radio ao milima. Milima ni kweli inazuia, kwa sababu radio za VHF zinasafiri karibu mstari ulionyooka. Lakini gari likinyamaza hata pale panapoonana na hospitali, fundi aangalie kwanza mahali antene inaposhikana na gari.

Paa njo nusu ya antene

Fimbo ya antene haifanyi kazi peke yake. Katika VHF, kwenye megahezi 150, fimbo ya robo ya wimbi iko na urefu wa karibu sentimita 50. Nusu ya pili ya antene ni bati la gari lenyewe. Umeme wa radio ukipanda katika fimbo, unahitaji chuma cha kutegemea kandokando yake, karibu sentimita 50 kila upande.

Njo maana katikati ya paa ni mahali pazuri kuliko pengine. Antene iliyofungwa kwenye ukingo, kioo ao kwenye galeri ya kubebea mizigo inasema zaidi upande mumoja kuliko mwingine. Magodoro na bidon zikipangwa kandokando yake, ni mbaya zaidi.

Ambulansi zingine ziko na paa ya fiba, si chuma. Pale fundi anapaswa kuweka bati chini ya kikalio cha antene, na kulifunga vizuri na bodi ya gari. Bila hiyo, antene iko sawa mutu mwenye kusimama mguu mumoja.

Kutoboa na kufunga

Kikalio cha sumaku kinawekwa bila kutoboa. Kwa muji kinaweza kutosha. Lakini kwa barabara zetu za mashimo na matawi, kinaanguka, na vumbi chini yake inakwaruza rangi mpaka kutu inaingia. Gari linalofanya safari za mbali linahitaji kikalio cha kutoboa.

Mbele ya kutoboa, fundi ashushe kwanza kitambaa cha ndani ya paa, aone kama hakuna waya, taa ao mfuko wa hewa wa usalama. Vikalio vya aina ya NMO vinaomba tundu la milimita 19. Kiisha kutoboa, aondoe vipande vyote vya chuma, kwani vikibaki vitaleta kutu.

Hapa njo kosa kubwa linapofanyika. Rangi ya gari haipitishi umeme. Kikalio kikikaa juu ya rangi, kinaonekana kigumu kwa mkono lakini hakina masi. Chini ya paa, kandokando ya tundu, rangi ikwanguliwe na msasa mpaka chuma kingae, pana tu kama sehemu ambayo meno ya kikalio yatagusa. Apakaze grese kidogo juu ya chuma kilicho wazi, kisha akaze ekuru. Juu ya paa, mpira wa kuzuia maji ukae sawasawa. Maji yakiingia katika kable, kable hiyo imekufa, hata kama kwa macho inaonekana mupya.

Kable nayo isipondwe na mlango, isikunjwe kwa kona kali, na nyuzi za wavu wake zisiguse waya wa katikati.

Kupima mbele ya kuita

Kazi haijaisha kama haijapimwa. Fundi aondoe fimbo, achomoe kable kwenye radio, achukue multimetri. Kati ya ganda la kichwa cha kable na bodi ya gari, kipimo kionyeshe chini ya ohm 1. Kati ya ganda na waya wa katikati, isionyeshe kugusana.

Kiisha anarudisha fimbo na anaweka kifaa cha kupima TOS kati ya radio na antene. TOS ya 1,5 ao chini ni nzuri: karibu asilimia 4 tu ya nguvu inarudi nyuma. Ikifika 3, robo nzima inarudi. Kwa radio ya wati 25, ni zaidi ya wati 6 zinazorudi kuchoma radio yenyewe. Fimbo ikatwe ao irekebishwe kidogo kidogo, kisha kipimo kirudiliwe. Na mutu asibonyeze mikro ya kusema kama antene haijafungwa.

Radio za HF, zinazofika mamia ya kilomita, zinadai masi kali zaidi. Gari ni dogo sana mbele ya mawimbi yake marefu. Antene yake, ambayo mara mingi inakaa kwenye parshoki, ifungwe na bodi kwa mkanda wa shaba uliosukwa, mfupi na mpana. Waya mwembamba hautoshi.

Umeme wa radio utoke moja kwa moja kwenye batri, na fuzible karibu na batri. Lori la volti 24 linahitaji kigeuzi kama radio ni ya volti 12.

Radi na karatasi

Masi ya antene si kinga ya radi. Jimbo letu liko kati ya sehemu zinazopigwa na radi sana duniani, na Kabare katika Kivu ya Kusini inahesabiwa katika nafasi za kwanza. Wakati wa radi, waliomo wafunge vioo, wakae ndani, waache mikro.

Frekansi nayo inaombewa ruhusa kwa ARPTC, na karatasi yake ikae ndani ya gari. Antene inaonekana mbali, na kwenye barriere njo itaulizwa kwanza.

Kila mwezi, na kila mara gari likigongwa na tawi, shofere akaze ekuru na aite hospitali mbele ya kutoka parkingi. Jibu likikosekana pale, fundi yuko karibu. Likikosekana msituni usiku, hakuna wa kuita.