Utangulizi: Mhusika Asiyesikilizwa

Swali lililonivuta katika taaluma ya michezo ya mtandaoni bado linanisumbua: kwa nini michezo inayojiita ya kuigiza uhusika ina uigizaji haba kiasi hiki?

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani. Ukisema mhusika wako anaogopa moto na hataki kuingia pangoni, msimamizi wa mchezo anakusikia, na kisa kinageuka hapo hapo. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuunda MUD, mchezo wa kompyuta wa wachezaji wengi, Richard Bartle akauendeleza, na usimamizi ukahamia kwa kompyuta. Kompyuta huhesabu maadui waliouawa, hazina na ngazi. Woga wa mhusika haiusikii. Kwa maoni yangu, upungufu wote umeanzia hapo.

Isome makala ya Bartle ya mwaka 1996 inayowagawa wachezaji katika makundi manne: wasaka mafanikio, wavumbuzi, wapenda maongezi na wauaji. Mwigizaji hana kundi lake. Amehifadhiwa kwa wapenda maongezi.

Kisha itazame michezo ya baadaye, kama World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004 ikiwa na seva maalumu za waigizaji. Desemba 2009 ililetwa zana ya kuwakusanya wachezaji watano kutoka seva mbalimbali na kuwapeleka moja kwa moja vitani. Iliokoa muda mwingi, nakiri. Lakini zamani jina la mtu lilijulikana kwenye seva yake. Tapeli alikumbukwa, na muungwana vilevile. Sasa watano hao huua, hugawana nyara na kutawanyika, mara nyingi bila hata salamu. Uigize nini mbele ya mtu ambaye hatakukumbuka kesho?

Hata hivyo uigizaji haujafa. Kwenye seva za uigizaji zinazoendeshwa na wachezaji wa mchezo wa Grand Theft Auto V, mmoja ni dereva wa teksi, mwingine ni polisi, na kutoka nje ya uhusika ni kosa. Anayeamua kosa hilo ni binadamu, kama pale mezani mwaka 1974. Nakushauri uanzie utafiti wako huko: omba ruhusa, sikiliza mashauri yao, andika wanavyoamua nani amekosea na kwa hoja zipi.