Viraka vya kitenge vyaweza kuzaa mfarishi wa kisasa

KWA wakazi wengi wa mijini, neno kiraka hukumbusha shida. Suruali yenye kiraka gotini ni dalili ya mfuko mtupu, na mtoto aliyevaa shati la viraka hutazamwa kwa jicho la huruma au la dhihaka.

Hata hivyo, vipande hivyo hivyo vikipangwa kwa hesabu na kushonwa kwa makini huzaa mfarishi, yaani tandiko lenye matabaka ambalo hupamba kitanda na kufunika mwili wakati wa baridi. Viraka hapo haviwi tena alama ya umaskini, bali ya ufundi.

Malighafi haiko mbali. Kila fundi cherehani anayeshona magauni ya vitenge hubakiwa na vipande chini ya meza yake. Vingi huishia jaani, au kujazia mito na kufutia mafuta ya mashine. Mwenye kuvihitaji akiomba kwa adabu, mara nyingi hupewa bure au kwa fedha kidogo.

Vifaa navyo si vingi. Cherehani inayoshona mshono ulionyooka yatosha, hata ile ya kukanyaga isiyojali kukatika kwa umeme. Ongeza mkasi mkali, futi kamba, rula ndefu, chaki, pini na pasi. Wengi wanaoanza hukwama kwa kuruka hatua zinazoonekana ndogo, si kwa kukosa kipaji.

Ufundi wa wanyonge

Historia ya kazi hii inaigusa Afrika kwa karibu. Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao baadhi ya mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi, kutokana na nguo zilizochakaa.

Mshonaji wa kawandi huanza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, akiongeza kipande juu ya kipande. Mwishoni huweka kwenye pembe vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, maana yake maua. Kwao, mfarishi usio na maua hayo huhesabiwa kuwa uko uchi.

Ng'ambo ya pili ya dunia, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake weusi waliotokana na watumwa wa mashamba ya pamba walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi ili familia zisife baridi. Mwaka 2002 kazi zao zilioneshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Houston, na mwaka 2006 Shirika la Posta la Marekani lilitoa stempu zenye picha za mifarishi yao.

Mtindo unaoitwa wa kisasa leo umechota mengi kwa wanawake hao. Sifa zake ni rangi kali, maumbo makubwa, mpangilio usiolazimika kulingana pande zote, na nafasi pana za kitambaa kisicho na maua ambazo hulipumzisha jicho. Washonaji wa mtindo huo waliunda chama chao mjini Los Angeles mwaka 2009.

Kuchagua rangi

Vitenge na khanga vina michoro mizito, na hapo ndipo mtego ulipo. Vipande 40 vyenye maua makubwa, vikiwekwa pamoja, hugombana hadi hakuna kinachoonekana. Dawa yake ni kitambaa cha rangi moja, kama vile nyeupe ya maziwa, kijivu au buluu iliyoiva, kiwekwe kati ya vipande vyenye michoro.

Gawa vipande vyako katika mafungu matatu: vya giza, vya wastani na vya mwanga. Kama huna hakika, vipige picha kwa simu na uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vinavyofanana katika picha hiyo havitatofautiana vya kutosha kitandani, hata kama kimoja ni chekundu na kingine kijani.

Anayetumia khanga ana hazina ya ziada: pindo, mji na jina. Pindo hufaa kuzungushia mfarishi, na jina laweza kushonwa lote katika ukanda mmoja. Lakini lisikatwe katikati, maana usemi uliokatwa waweza kugeuka kichekesho au tusi mbele ya wageni.

Hesabu kabla ya mkasi

Chukua mfano wa kitanda cha futi tano kwa sita, yaani inchi 60 kwa 72. Ukitaka mfarishi uning'inie inchi 12 kila ubavu na inchi 12 miguuni, utahitaji inchi 84 kwa 84. Hizo ni miraba saba kwa saba ya inchi 12, jumla miraba 49.

Kila mraba ukatwe inchi 12 na nusu, kwa sababu robo inchi ya kila upande humezwa na mshono. Robo hiyo isichezewe. Ukizidisha mshono kwa thumuni ya inchi tu, kila maungio ya miraba miwili yatapoteza robo inchi, na mstari wenye maungio sita utapungua inchi moja na nusu. Mstari wa jirani ulioshonwa sawasawa hautakutana nao.

Vipande vya fundi kwa kawaida ni vidogo kuliko mraba huo. Suluhisho ni kuanza na kipande kidogo katikati na kukizungushia vipande virefu, kimoja baada ya kingine, hadi upite inchi 12 na nusu, kisha ukate kwa rula. Mtindo huo wa miraba ndani ya miraba hupendwa sana Gee's Bend, ambako huufananisha na paa la nyumba.

Kata kwa kufuata mtande au mshindio wa kitambaa. Kipande kilichokatwa mshazari huvutika, na mraba uliokuwa sawa mezani huwa umepinda unapotoka kwenye cherehani.

Fua kwanza

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kushona kitambaa kipya bila kukifua. Vitenge na khanga vyaweza kuchuja na kurudi, kila kimoja kwa kiwango chake. Jasho la wiki nyingi laweza kuharibika kwa kufua mara moja tu, nyeupe ikageuka waridi na mishono ikajikunja.

Kwa hiyo, fua kila rangi peke yake, anika na piga pasi. Kisha lowanisha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe na kikandamize kwa pasi ya moto. Kikiacha rangi, rudia kufua. Kikiendelea kuchuja, kiache. Aidha, usichanganye jinzi na kitambaa chepesi kama shifoni, kwani kizito hukichana chepesi.

Kushona na kuunganisha

Tandaza miraba yote sakafuni kabla ya kushona, iache usiku kucha, na uitazame tena asubuhi. Kubadilisha mraba ulio sakafuni hakugharimu kitu. Kufumua mshono hugharimu kitambaa na moyo.

Shona mistari mmoja mmoja. Piga pasi mishono ya mstari wa kwanza ielekee kulia, ya mstari wa pili ielekee kushoto, na uendelee hivyo hivyo. Mistari miwili ikiwekwa pamoja, mishono hushikana na pembe hukutana bila kulazimishwa.

Baada ya hapo huja matabaka matatu: kitambaa cha chini, ujazo na uso wa viraka. Kitambaa cha chini na ujazo vizidi uso kwa inchi tatu hivi kila upande. Kwa wakazi wa Njombe, Mbeya au Lushoto, blanketi jepesi kuukuu lililofuliwa ni ujazo mzuri. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, shuka la pamba hutosha. Pamba ya kuchambua hujikusanya mabonge isiposhonwa kwa mistari ya karibu.

Tandaza kitambaa cha chini sakafuni, ukibane kwa gundi ya karatasi, weka matabaka mengine na upige bandi kwa nyuzi ndefu kutoka katikati kwenda nje. Halafu shona kwa cherehani ukipitia matabaka yote, mistari ikiachana kwa upana wa kiganja au pungufu. Sindano namba 14 au 16 na mshono mrefu kidogo hurahisisha kazi. Anza katikati daima. Anayeanza pembeni hukusanya makunyanzi ambayo hayana pa kutokea.

Malizia kwa kupunguza kingo na kuzungushia ukanda wa upana wa inchi mbili na nusu, uliokunjwa mara mbili. Kwa mfarishi wa inchi 84, andaa ukanda wenye urefu wa inchi 350 hivi.

Thamani ya jasho

Wapo watakaotaka kuuza. Wengi huhesabu uzi na kitambaa, wakasahau saa walizokaa kwenye cherehani. Kwa kuwa vipande vilipatikana bure, huona aibu kutaja bei, na mteja huondoka na kazi ya mwezi kwa bei ya blanketi la dukani. Weka daftari, andika saa za kila siku, na uzipe thamani ya kibarua cha fundi kabla ya kutamka bei.

Anayejifunza asianze na kitanda. Foronya ya mto wa kochi yenye miraba tisa itamfundisha robo inchi, pasi na rangi kwa gharama ndogo. Hatua ya pili yaweza kuwa tandiko la mtoto la kuchezea sakafuni, ingawa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe na mfarishi wa kujifunika, kwani waweza kumziba pumzi.

Mfarishi wa viraka una faida moja ambayo blanketi la dukani halina: kila kipande kina mwenyewe. Gauni la harusi ya dada, khanga ya bibi aliyetangulia mbele ya haki na sare ya mtoto aliyemaliza shule huweza kulala kitanda kimoja. Kabla ya kutupa nguo hizo, heri kuzifua, kuzipiga pasi na kupima inchi 12 na nusu.