Mpwa wangu ataka shahada ya pili kabla ya kwanza

MWEZI uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mombasa. Yuko mwaka wa tatu chuoni, anasomea hisabati na takwimu.

"Mjomba, nataka kuanza shahada ya pili ya sayansi ya data sasa hivi, nisingoje kuhitimu."

Nilidhani anatania. Kisha akasema mamake amekubali kuuza mashine ya mashua apate karo.

Msomaji, wewe uliyerudi nyumbani na wewe unayevusha bidhaa mpakani, mnajua mashine ni nini kwa nyumba ya Mbajuni. Kwa mashine hiyo dada yangu hupeleka ng'onda Lamu, na ng'onda hizo ndizo zilizomsomesha kijana. Nami nilisomea ukimbizini, katika kambi ya Jomvu, Mombasa, baada ya vita vya 1991. Najua uchungu wa kuambiwa "lete cheti" wakati huna. Kwa hivyo sikumkataza wala sikumruhusu. Nilikwenda kuuliza.

Kijana hakudanganywa. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder huko Marekani hufundisha shahada hiyo kwa intaneti, na hakidai matokeo ya chuo cha awali. Unalipia masomo machache ya mwanzo, ukiyapita vizuri umeingia. Lakini karo yote yapita dola 15,000, na mashine ya Dada haifikii hata robo yake.

Wako pia MIT. Tangu 2020 wana shahada ya pili ya data, uchumi na sera ambayo hata asiye na shahada ya kwanza aweza kuiomba, mradi awe amefaulu kwanza masomo yao ya mtandaoni yaitwayo MicroMasters. Kuyasoma bila cheti ni bure. Anayetaka cheti hulipa kwa kadiri ya kipato chake. Hapo nilikaa kitako.

Kwetu mlango huo haujafunguka hivyo. Strathmore, Nairobi, wana shahada ya pili ya sayansi ya data, ila wataka ya kwanza iwe mkononi.

Nilijiandikisha somo moja mwenyewe, nisije nikashauri nisichokijua. Mtandao wa hapa Chovai hauvuti video, basi hupanda mashua hadi Kismayu nikazipakua. Hesabu ya uwezekano ilinitoa jasho (miaka yangu arubaini na kitu!). Lakini nilipoingiza madaftari yangu ya mahudhurio katika programu ya Python, nikaona wazi jinsi wavulana wanavyopungua darasani wakati wa kaskazi, bahari ikitulia. Nilikuwa nikiwalaumu wazazi kwa uvivu.

Nikampigia mpwa wangu. Nikamwambia aanze, ila kwa yale ya bure, jioni, na asiache hata mtihani mmoja wa chuo chake. Akiacha ya kwanza na ya pili ikamshinda, atarudi Chovai na kidato cha nne tu.

"Na mashine?" akauliza.

Nikampigia Dada. Mnunuzi alikuwa aje Ijumaa kutoka Kismayu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza somo la kwanza ni lipi.

"Hesabu ya uwezekano."

"Hiyo anaijua," akasema. "Basi mwambie mnunuzi asije."