Akirudi Nyumbani Aliyeumia Ubongo, Nani Humsaidia?

Bodaboda ikigongana na lori karibu na soko la Myanga, watu wa soko hilo hawahitaji kuelekezwa. Majeruhi hukimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma, na damu ikishukiwa kuvuja ndani ya fuvu, ambulensi hushika njia ya Webuye hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Walioumia upande wa Trans Nzoia huanzia Kitale, nao mara nyingi huishia huko huko Eldoret. Safari ya kwenda inafahamika. Ya kurudi ndiyo yenye giza: mgonjwa huruhusiwa akiwa na mshono kichwani, mfuko wa dawa na karatasi moja, na jamaa zake hubaki wakiuliza wagonge mlango gani sasa.

Ajali na kipigo ni visababishi viwili tu vya kuharibika kwa ubongo uliokuwa mzima. Kiharusi huua sehemu ya ubongo kwa kuinyima damu. Homa ya uti wa mgongo huvimbisha utando unaouzunguka. Malaria kali, ambayo maeneo ya magharibi mwa Kenya yanaijua vizuri kuliko sehemu nyingi za nchi, huziba mishipa midogo ya damu kichwani. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliowahi kulazwa kwa malaria iliyoathiri ubongo alibaki na kasoro ya kudumu. Miongoni mwa watoto ambao hawakuugua hivyo, ilikuwa takriban mmoja kati ya kumi.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayopanga shughuli na kuzuia hasira. Ndiyo pia huumia kwa urahisi kichwa kinapogonga lami. Hivyo mtu anaweza kupona mguu, akatembea hadi sokoni, akasalimia kila mtu kwa jina, kisha akasahau alichotumwa. Anachoka kabla ya saa sita. Anafoka kwa jambo dogo, analia bila sababu, anagawa pesa kama mtoto. Majirani huona mtu mzima aliyebadilika tabia, nao hutafuta maelezo wanayoyajua: pombe, uvivu, au mkono wa mtu.

Tatizo hili halijui mipaka. Nchini Uingereza, shirika la Headway, lililoanzishwa mwaka 1979 kuhudumia walioumia ubongo, lilianza mwaka 2017 kutoa kitambulisho maalumu chenye picha na maelezo ya shida za mwenyewe. Sababu moja ilikuwa kwamba watu wake walisimamishwa na polisi wakidhaniwa kuwa walevi, kwa kuwa walipepesuka na ulimi ulikuwa mzito.

Kenya haina kitambulisho cha namna hiyo, wala ofisi moja ya serikali iliyopewa jukumu la walioumia ubongo. Misaada ipo, ila imetawanyika kati ya afya, ulemavu, kazi, bima na elimu, na kila ofisi hudai ushahidi wake. Hapo ndipo ulemavu usioonekana humponza mgonjwa: asipoandikiwa kwa undani kile asichoweza kufanya, kila karani atamwona mzima.

Mlango wa kwanza ni hospitali yenyewe. Hospitali za rufaa za kaunti zina idara za fizio, zinazorudisha nguvu na mizani ya mwili, na za tiba ya kazi, OT, zinazomfundisha mgonjwa upya kuvaa, kupika, kuhesabu pesa na kufuata ratiba. Ubongo hujipanga upya kwa mazoezi yanayorudiwa, na maendeleo makubwa huonekana zaidi katika miezi ya mwanzo, ingawa yanaweza kuendelea kwa miaka. Kwa familia nyingi kinachokatiza mazoezi ni nauli. Ndiyo maana inafaa kumwomba mtaalamu mazoezi ya kufanyia nyumbani kabla ya kuondoka, na kumjulisha mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa aina hiyo mwezi Septemba 2023, na kutembelea nyumba ndiyo kazi yao.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake wa kiuchumi, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwendeshaji wa bodaboda ambaye amejisajili tu bila kulipa mchango atatibiwa katika zahanati, lakini kitanda cha hospitali ya rufaa kinahitaji mchango uliolipwa.

Mlango wa pili ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengi hawaukaribii kwa sababu wanadhani ulemavu ni kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Katiba ya 2010 inasema vingine. Kifungu cha 260 kinahesabu kasoro za mwili, hisi, akili na nyinginezo zenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Kipimo basi ni shughuli, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyotiwa saini Mei mwaka huo na kuchukua nafasi ya ile ya 2003, imejengwa juu ya Katiba hiyo.

Ili kusajiliwa na Baraza, tathmini hufanywa katika hospitali za serikali zilizoidhinishwa. Hapa mlezi ana kazi ambayo hakuna anayeweza kumfanyia. Mtu aliyeumia ubongo anaweza kujibu maswali vizuri kwa robo saa, akaapa kwamba hana shida yoyote, kwani kutotambua upungufu wako mwenyewe ni sehemu ya jeraha. Daftari la wiki mbili lenye mambo halisi husaidia sana: jiko lililoachwa likiwaka, njia ya nyumbani iliyopotea, kuanguka kwa kifafa, tarehe na saa. Daktari akiyaona hayo huandika ripoti tofauti kabisa na ya “anaendelea vyema”.

Mtu akishasajiliwa, kadi ya Baraza hufungua mambo kadhaa. Mwenye kipato anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Kwa wenye ulemavu mkubwa upo mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba inayomtunza mtu asiyeweza kuachwa peke yake. Katikati kuna kundi kubwa lisilotajwa: anayejiogesha na kula mwenyewe, lakini hawezi kushika kazi hata wiki moja. Huyo fedha za Inua Jamii humpita.

Fidia nayo ina saa yake. Aliyeumia kazini, tuseme dereva wa trekta la miwa, analindwa na sheria ya fidia za kazini ya 2007. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na ulemavu kamili wa kudumu hufidiwa kwa mapato ya miezi 96. Abiria au mpita njia aliyegongwa hudai kwa bima ya chombo kilichomgonga, ndani ya miaka mitatu, na bima hiyo hulipa hadi shilingi milioni 3. Nambari ya OB, yaani daftari la matukio la kituo cha polisi, ni ya lazima. Hatari kubwa ni kukubali hela za haraka wiki chache baada ya ajali, wakati hakuna ajuaye kumbukumbu zitarudi kiasi gani, na mwenye kuweka sahihi haelewi anachokisaini.

Mtoto ana njia nyingine. Vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilianzishwa Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, navyo hupima mahitaji ya mwanafunzi na kuishauri shule. Aliyekuwa wa kwanza darasani kabla ya malaria na sasa anashika mkia hastahili kiboko. Anastahili barua ya kwenda EARC.

Afya iligatuliwa kwa kaunti mwaka 2013, ilhali usajili wa ulemavu na Inua Jamii vimebaki mikononi mwa serikali kuu. Mgonjwa huangukia katikati. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zinaweza kuanza na hatua ndogo: afisa mmoja wa ustawi wa jamii katika kila hospitali ya rufaa, anayefika wodini kabla mgonjwa hajaruhusiwa, akapanga siku ya tathmini, akakagua michango ya SHA, akauliza kama ripoti ya polisi imeandikwa, na akampa mlezi nambari ya simu ya idara ya OT.