Kutoa hewa katika freni ya pikipiki



Juma lililopita tulikamata mkono wa freni ya mbele ya pikipiki ya shule, ukaenda laini mpaka kugusa usukani. Na ile pikipiki ndiyo inashuka mlima kila siku na mtu nyuma! Basi tuliitengeneza siye wenyewe, fundi mmoja akituangalia.

Juu ya nini freni inalegea? Katika fizika tulisoma kanuni ya Pascal: ukisukuma maji katika chombo kilichofungwa, nguvu inafika pande zote. Mafuta ya freni hayakubali kubanwa, lakini hewa inakubali. Hewa ikiingia katika tiyo, nguvu ya mkono inaishia kubana hewa tu, plaketi hazikamati diske.

Kazi inafanyika hivi:

1. Weka kisanduku cha mafuta kikae sawa. Pangusa kifuniko, fungua, jaza mafuta ya aina iliyoandikwa pale, kama DOT 4. Mafuta ya motere hapana hata kidogo: yanaharibu mipira ya ndani.

2. Vesha katiyo keupe juu ya visi ya kutolea hewa, kule chini kwenye freni. Ncha ya pili iingie katika chupa yenye mafuta ya freni kidogo.

3. Mmoja abane mkono wa freni pole pole mara tatu ao ine, kisha aukaze asiuachilie.

4. Mwingine afungue visi robo ya mzunguko. Mafuta na hewa vitatoka. Afunge visi KWANZA, ndipo mwenzake aachilie mkono.

5. Rudilia mpaka povu liishe na mkono uwe mgumu.

Siye tulikosea wapi? Tulisahau kuongeza mafuta katika kisanduku. Yakaisha, hewa ikaingia tena, tukaanza upya. Kumbe haraka yetu ndiyo ilitupotezea saa nzima.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe. Yakimwagika kwenye rangi, osha na maji pale pale, yanaibabua. Yasiguse diske wala plaketi.

Mwishoni, jaribu freni ukisukuma pikipiki kwa miguu. Mkono ukizidi kushuka, kuna mahali panavuja: usipande, ita fundi. Afazali kutembea kwa miguu kuliko kushuka mlima bila freni.